Bwana Sijui na Kapu la Vitu Vitakatifu

“Mume wako? Mume wa wapi?” sauti ya pili ilidakia kutoka koridoni. “Huyo ni mwanangu wa kumzaa, na hajaoa!”

Hapo ndipo ulipotuacha juma lililopita, ndugu msomaji. Ulikunja gazeti ukaenda zako kupumzika, ukatuacha tumesimama katikati ya wodi ya wanaume, midomo wazi, na Dada Funguo kalikumbatia kapu lake kama mtu aliyeokoa mtoto motoni.

Na wewe uliyeingia leo, sogea karibu, hujachelewa. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani aliokotwa kando ya barabara, kichwa kimepasuka, mifukoni hamna kitu. Walimshona, wakamfunga bandeji, wakamnyoa ndevu, akazinduka. Unaitwa nani? Sijui. Kwenu wapi? Sijui. Umeoa? Hapo alifikiri sana, akasema, “Hilo nalo sijui, ila ningependa kujua.” Tangu siku hiyo wodi nzima ikamwita Bwana Sijui.

Dada Funguo naye ndiye mtunzaji wa chumba cha sala cha hospitali, kile kilicho mwisho wa korido, ambacho watu wa dini zote wanakitumia kwa zamu bila ugomvi. Rundo la funguo halimtoki kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona. Kila asubuhi alikuwa akipita kwa Bwana Sijui kumsimulia habari za dunia, maana mtu aliyesahau kila kitu hata habari za jana kwake ni mpya. Bwana Sijui alikuwa akicheka. Na moyo wa Dada Funguo ulikuwa umeanza kufanya mambo yake bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Kapu hili lilikuwa wazo la daktari. “Kichwa chake kimefunga mlango,” daktari alisema, “lakini mikono ina kumbukumbu yake. Mtu hajui jina lake, ila mpe kamba ya kiatu uone kama hatafunga. Kabatini kwako si kuna vitu vya ibada vya kila dini? Mletee avishike. Vidole vikituambia anasali wapi, tutajua tukaulizie wapi.”

Basi ndiyo kwanza Dada Funguo anafika na kapu, na wanawake wawili waliosikia tangazo la redioni nao wanafika. Mmoja anadai mume, mwingine anadai mwana.

Sasa twende.

Aliyedai mume alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye msalaba mdogo wa fedha shingoni na macho ya mtu aliyelia njia nzima. Aliyedai mwana alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mnene, ushungi umemkaa sawasawa, tasbihi mkononi na mkoba mkubwa kwapani.

“Shikamoo, mama,” mwanamke mrefu alisema.

“Marahaba ya nini? Mimi nawe tumejuana lini?”

“Leo, mama.”

“Basi tusijuane zaidi ya hapo!”

“Jamani, jamani!” Daktari alijitokeza nyuma ya pazia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo lakini sauti yake ilitosha majengo mawili. “Hii ni wodi, si mnada. Nani ana ushahidi?”

Mwanamke mrefu alitoa simu upesi. Picha ilionyesha mtu mwenye ndevu tele na miwani mikubwa ya kazini iliyomfunika mpaka mashavuni. Daktari aliitazama picha, akamtazama mgonjwa aliyenyolewa na kufungwa bandeji, akaitazama tena picha.

“Dada yangu, mimi hapa naona ndevu na miwani. Mtu mwenyewe yuko wapi?”

“Ndiye huyo! Hapendi kupigwa picha, nilimvizia akiwa kazini.”

Mama mtu mzima alicheka kwa dharau, akafungua mkoba, akatoa picha iliyofungwa kwenye kitambaa. “Ushahidi huu hapa.”

Daktari akainama. Ilikuwa picha ya mtoto anayecheka, meno mawili ya mbele hayapo.

“Mama, huyu ana miaka mingapi?”

“Saba. Lakini pua ni ileile.”

Kwenye kitanda cha jirani alilala Jamaa wa Plasta, mguu umening'inizwa juu kama bendera, na kazi yake wodini ilikuwa kusikiliza yasiyomhusu. “Daktari,” alisema, “muulize mgonjwa mwenyewe. Ana mke au hana?”

Wote waligeuka. Bwana Sijui alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, akiwatazama kwa adabu kama mtu aliyealikwa harusi asiyojua ya nani.

“Sijui,” alisema. “Lakini poleni na safari.”

Mama alipigwa na butwaa. Mwanamke mrefu alijifunika uso. Dada Funguo akashusha pumzi, kisha akaona aibu kwa sababu ya kuishusha. Alijihisi kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa, na kiti chenyewe hakikuwa chake tangu mwanzo.

“Vizuri,” daktari alisema. “Picha zimeshindwa, mdomo umeshindwa. Mikono itaamua. Ila kwanza, kila mmoja wenu aje aninong'oneze: mtu wake akipewa vitu vya kapuni, mikono itafanya nini?”

Mama alitangulia. Alinong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. “Atachukua tasbihi! Atahesabu kwa kidole gumba cha kulia, na midomo itacheza bila sauti, kama marehemu baba yake. Vingine hatavigusa.”

Mwanamke mrefu akafuata. Yeye alinong'ona kweli. Daktari alimsikiliza, nyusi zikapanda, zikapanda tena.

“Una hakika?”

“Kama ninavyojua jina langu.”

Dada Funguo alinawa mikono. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya magurudumu, maana vitu hivi kwake havikuwa vya kutupwa juu ya shuka. Kila kimoja kilikuwa na mfuko wake, na kila mfuko ulikuwa na mtu aliyeuleta akamwambia: hiki usikiweke chini, hiki usikishike kwa mkono wa kushoto, hiki usikiache na vumbi. Yeye hakuwahi kusoma dini za watu chuoni. Alijua tu kwamba ukimheshimu mtu, huwezi kukidharau anachokishika akilia.

Alitoa tasbihi kwanza.

Bwana Sijui aliipokea kwa mkono wa kulia. Kidole gumba kikasukuma punje ya kwanza, ya pili, ya tatu. Midomo ikaanza kucheza bila sauti.

Mama alipiga kigelegele kilichomwamsha mgonjwa wa kitanda cha mlangoni. “Mmeona? Mmeona? Damu haipotei! Mwanangu huyo, nipeni nguo zake twende!”

Ungedhani mambo yameishia hapo, eti? Hata mimi nilidhani. Lakini Bwana Sijui alikuwa hajamaliza. Aliigeuza ile tasbihi juu chini, akaisogeza karibu na jicho, akalikagua fundo lake, kisha akaguna.

“Mm. Uzi huu umechoka. Utakatika mtu akiwa katikati ya dua.”

Daktari alimtupia jicho mwanamke mrefu. Mabega ya mwanamke mrefu yalishuka kidogo.

“Mpe kingine,” daktari alisema.

“Cha nini kingine?” mama alihamaki. “Si ameshajulikana?”

Dada Funguo alitoa rozari. Mama akakunja mikono kifuani, akageukia dirishani, kwa maana alijua mwanawe hataigusa.

Aliigusa. Aliilaza kiganjani kwa namna ambayo haikujisokota hata kidogo, msalaba ukatulia katikati, na vidole vikapita juu ya shanga polepole kama mtu anayewapapasa watoto vichwa. Akaigeuza. Akaguna.

“Shanga hii moja ni mgeni. Si ya ukoo huu.”

Dada Funguo uso ulimwaka. “Ya kwanza ilipotea,” alikiri. “Niliitafutia mwenzake sokoni. Hata padri hajawahi kugundua.”

“Mwenzake hakuwa mwenzake,” Bwana Sijui alisema kwa upole, akatabasamu, na funguo za kiunoni zikalia zenyewe.

Ikaja taa ndogo ya shaba ya hekalu la Wahindu, yenye midomo mitano ya tambi. Aliishika sawa, akaipima uzito, akafuta mdomo mmoja kwa ncha ya kidole, akaitazama kitako. Akaguna. Kikaja kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu. Akakifungua na kukifunga kwa mkono mmoja, kikatoa mlio mmoja mdogo, akaguna kwa kuridhika.

Mama aligeuka kutoka dirishani. Uso wake ulikuwa umeanza kuchanganyikiwa.

Kisha Dada Funguo akatoa pembe ya kondoo, ndefu, imepinda, imesuguliwa mpaka inang'aa. Mzee Myahudi aliyeiacha alimwambia kwamba sauti yake ni ya kuiamsha mioyo iliyolala.

Bwana Sijui aliigonga kwa ukucha, akaiweka sikioni, akasikiliza. Halafu, kabla mtu hajasema lolote, akaitia pembeni mwa mdomo akapuliza.

Ndugu msomaji, wodi iliruka.

Mgonjwa aliyekuwa hajakaa kitako tangu afanyiwe upasuaji alikaa. Mlango wa chumba cha sindano ulifunguka, mtu akatoka mbio na shati mkononi. Mguu wa Jamaa wa Plasta uliyumba juu ya kamba yake kama kengele. Mama mtu mzima akajikuta amemshika mkono mwanamke mrefu. Akauona mkono huo, akauachia upesi kama umemuunguza.

“Haina ufa,” Bwana Sijui alisema, akairudisha mezani kwa uangalifu. “Nzima kabisa.”

“Huyu mtu ni wa dini gani?” daktari aliuliza, mkono kifuani.

“Zote!” Jamaa wa Plasta alijibu. “Amejiwekea akiba.”

Watu walicheka. Lakini Jamaa wa Plasta hakucheka. Alishusha sauti, na maneno yaliyofuata yalikata kicheko kama kisu.

“Au ni mwizi.”

“Unasemaje wewe?”

“Fikirini. Mtu anayejua kila kitu cha kila nyumba ya ibada. Anakigeuza, anaangalia kitako, anapima uzito. Mnunuzi ndivyo afanyavyo. Mwizi naye ndivyo afanyavyo. Na aliokotwa kichwa kimepasuka. Nani kampasua, na kwa nini?”

Hata pampu ya maji ya nje ilisikika.

“Mwanangu mwizi?” Mama alimwendea na mkoba umeinuliwa, na mwenye mguu mmoja juu hana pa kukimbilia. “Rudia! Rudia nikuvunje huo uliobaki!”

“Mama, mwache.” Dada Funguo alijikuta ameingia katikati. Hakujua aliyatoa wapi maneno, lakini yalikuja. “Mwizi nimewahi kumkamata, mle chumbani kwangu. Alikishika kikombe cha padri kama kinamuunguza, macho mlangoni. Huyu hajatazama mlango hata mara moja. Huyu anavishika kama mtu anayemwogesha mtoto.”

Mama alishusha mkoba. “Angalau mmoja humu ana akili,” alisema.

Dada Funguo alirudi mezani, akatoa kitu cha mwisho: kengele ya mkono ya hekaluni, ya shaba, mpini wake umechongwa ua. Alimpa upesi, maana kengele hii ilimtia aibu kuliko vyote.

Bwana Sijui aliitikisa. Ilitoa mlio wa kijiko kwenye bati.

Uso wake ulibadilika. Tangu azinduke, watu walikuwa wamemwona akicheka, akishangaa, akiomba radhi. Hawakuwahi kumwona amekasirika.

“Nani amefunga ulimi wa kengele hii kwa waya wa pasi?”

“Mimi,” Dada Funguo alisema. “Ilianguka wakati wa kufagia. Niliona aibu kuwaambia wenyewe.”

“Kengele haifungwi hivi. Ulimi lazima uwe huru. Kengele ni sauti ya kugonga mlango wa Mungu, sasa wewe umemfunga mgeni mikono halafu unamwambia abishe hodi! Nipeni kikoleo.”

“Nini?”

“Kikoleo! Kidogo! Msisimame hapo, kazi inasubiri!”

Daktari, ambaye katika hospitali ile hakuna aliyewahi kumwamuru, alitoa mfukoni kikoleo chake cha kushikia uzi wa kushonea, akampa kama mwanafunzi. Bwana Sijui alikaa wima. Alikata waya, akautupa. Akakunjua kipete, akakipindua, akakirudisha, akakikaza. Vidole vilikuwa vikienda mbio na akili ikivifuata kwa nyuma ikihema.

Akaitikisa tena.

Sauti ilitoka safi, ndefu, tamu, ikapita juu ya vitanda, ikatoka dirishani, ikachelewa kwisha.

“Daktari,” mwanamke mrefu alisema, “waambie nilichokunong'oneza.”

Daktari alikohoa. “Alisema hivi: ‘Atachukua kila kimoja, atakigeuza juu chini, atatazama kitako, ataguna. Na akikuta kibovu, atagomba.’”

“Mume wangu ni fundi wa vyombo vya ibada,” mwanamke mrefu alisema. “Misikiti, makanisa, mahekalu, wote wanamletea. Alitoka kwenda kurudisha kinara cha watu, hakurudi. Nimezunguka hospitali nyingine zote za mji huu mpaka walinzi wananijua kwa mwendo.”

“Uongo!” Mama alipaza sauti. “Mwanangu ni fundi wa masufuria! Mwenyewe kaniambia!”

“Alikwambia hivyo, mama, kwa sababu alipokuwa kijana alipata nafasi ya kujifunza kwa fundi wa misalaba, na wewe ukamwambia hukumlea mtoto wa kutengeneza misalaba. Akakuitikia. Halafu akaenda akajifunza.”

Hayo maneno mama aliyasema jikoni kwake, milango imefungwa, na hakukuwa na mtu mwingine ila yeye na mwanawe. Mgeni kayapata wapi?

“Na huo msalaba wako shingoni?” aliuliza hatimaye.

“Kautengeneza yeye. Ndio ulikuwa mahari yangu ya kwanza.”

“Mahari!” Mama alitafuta pa kukaa, akakaa miguuni pa Jamaa wa Plasta, ambaye hakuthubutu kulalamika. “Kaoa. Kaoa bila mimi. Mimi nimemtengea binti wa mdogo wangu, msichana mzima, anajua kupika, anajua kunyamaza…”

“Alikuwa akikuogopa, mama. Kila mwezi alisema, mwezi ujao nitamwambia.”

“Ananiogopa mimi? Mimi natisha?”

Jamaa wa Plasta alitaka kujibu, akajizuia.

Mama aliinua tasbihi yake mwenyewe, ile aliyoingia nayo, akaitikisa mbele ya uso wa mwanamke mrefu. “Mtoto anayeniogopa angeniletea hii? Kaniletea kutoka safari ya mbali! Kanunua kwa watu wakubwa huko! Hakuna nyingine kama hii mtaani kwetu!”

Mwanamke mrefu aliitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

“Hakusafiri, mama. Aliichonga barazani kwetu, kwa pembe ya ng'ombe. Alisema hataki mashine iiguse, kwa sababu ni ya mama. Alichonga yeye, nikasugua mimi. Punje moja moja, kwa kitambaa chenye mafuta. Kuna moja karibu na fundo ina alama nyeupe kama mwezi mchanga. Niliiharibu nikalia, akaniambia tuiache hivyo hivyo, mama ataipenda.”

Mama hakuhitaji kuitafuta. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe mpaka karibu na fundo, kikasimama. Aliijua punje ile. Kila alfajiri alipofika hapo alikuwa akitulia kidogo, na hakuwahi kumwambia mtu kwa nini.

Daktari alijifanya anatazama dripu.

“Zote ulizisugua wewe?” mama aliuliza, sauti imeshuka.

“Zote.”

“Hmm.” Akazipitisha vidoleni. “Ndiyo maana laini hivi.”

Akamtazama yule mwanamke kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka macho yaliyovimba. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayeweka chini mzigo ambao hajaamua kama atauokota tena.

“Mambo ya misalaba tutayazungumza nyumbani. Na hiyo ndoa ya kunificha, huyu akipona nitampiga, daktari usinizuie.” Akafungua mkoba. “Umekula wewe?”

“Tangu jana sijala, mama.”

“Ndiyo maana umekonda hivyo! Kaa hapa. Chukua ndizi.”

Mwanamke mrefu akakaa. Akapokea ndizi kwa mikono miwili, akashindwa kuimenya kwa machozi, mama akamnyang'anya akammenyea. Dada Funguo akawa anavirudisha vitu vyake mifukoni kimoja kimoja, akijiambia kwamba hili ni jambo la heri, kwamba yeye ni mtu wa kufurahia heri za watu, kwamba macho yanamwasha kwa sababu ya vumbi la kapu. Alikuwa akifurahi kweli. Ila furaha nyingine huja na mwiba wake.

“Mama.”

Sauti ilitoka dirishani. Wote waligeuka.

Bwana Sijui bado alikuwa ameishika kengele, lakini hakuwa akiitazama. Alikuwa akimtazama mama mtu mzima, na macho yake yalikuwa na mtu ndani.

“Mama, mbona umetoka bila miwani? Si ulinifukuza mimi ukadhani ni mchuuzi wa sabuni, siku ile mlangoni?”

Ndizi ilianguka. Mama aliruka kutoka kitanda cha Jamaa wa Plasta kwa wepesi wa msichana. “Kanijua! Mwanangu kanijua! Mwenyezi Mungu, kanijua!” Akamkumbatia, bandeji na yote. Akambusu, akamkanya, akambusu tena. Daktari aliacha kutazama dripu, akaanza kumuuliza maswali mbio mbio: jina la mtaa wenu? Akalitaja. Rangi ya mlango? Kijani. Marehemu baba alikuwa akifanya kazi gani? Akaitaja. Milango ya kichwa ilikuwa ikifunguka mmoja baada ya mwingine, na wagonjwa wakapiga makofi kwa kila mlango.

Kisha mwanamke mrefu akasogea mbele, ameshika msalaba wake mdogo.

“Na mimi?” aliuliza. “Mimi ni nani?”

Bwana Sijui alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa adabu ileile ya mtu aliyealikwa harusi.

“Dada, nisamehe,” alisema. “Sijui.”

Rangi ilimtoka mwanamke yule. Lakini kabla hajaanguka, mama mtu mzima alikwisha kumdaka kiunoni, akamgeukia mwanawe kwa ukali ambao wodi ile ilikuwa haijauona.

“Hujui nini, mjinga wewe? Huyu ni mke wako! Mkwe wangu huyu! Kanisugulia tasbihi punje kwa punje! Hebu mtazame vizuri kabla sijakufungua hicho kichwa upya!”

Bwana Sijui alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kuchanganyikiwa. Hilo ndilo lililotisha: alionekana kuwa na uhakika kabisa, kama alivyokuwa na uhakika juu ya ulimi wa kengele.

“Hapana, mama,” alisema. “Mke wangu namjua. Nimemkumbuka sasa hivi, ilipolia hii kengele.”

Akainua mkono, akanyoosha kidole juu ya bega la mkewe, kuelekea meza ya magurudumu, ambako Dada Funguo alikuwa amesimama na kapu, na funguo zake zote zimenyamaza.

“Yule pale.”